Sifuri ya Mto Asuoba

Ndugu waombolezaji, tunamshukuru Mungu aliyetuazima dada yetu, Dokta Adwoa Nyarkoa Tawiah, aliyezaliwa Tarkwa, Jumatatu tarehe 9 Machi 1959, akasoma shule ya Wamethodisti hapo hapo, akahitimu uchumi Chuo Kikuu cha Legon mwaka 1982, kisha akaajiriwa na serikali mjini Accra, kazi yake ikiwa kupima nchi inapata nini na inapoteza nini msitu ukikatwa au mto ukichimbwa. Aliolewa na Mwalimu Ebo Quansah tarehe 6 Agosti 1988, wakajaliwa Araba na Kojo.

Mwaka 2004 alitumwa kijiji cha Nsuakyir, awaulize watu kila mmoja angelipa kiasi gani ili Mto Asuoba usichimbwe dhahabu, na malkia mama wa kijiji, Nana Takyiwaa, akamjibu mbele ya wote, “Wewe binti, mama yako mzazi unamuulizia bei? Sitoi kitu, na uandike hivyo hivyo!” Kijiji kizima kikajibu vilevile, naye, kwa kufuata alivyofundishwa, akaandika sifuri kuwa thamani ya mto, ukurasa wa arobaini na moja wa ripoti yake, na kwa sifuri hiyo kibali cha kuchimba kikatolewa, mto ukawa mwekundu kama udongo.

Tangu hapo hakutulia, hata kanisani alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya nyimbo. Kila Agosti alirudi Nsuakyir, akapima saa ambazo akina mama walitembea kutafuta maji, samaki waliopotea, watoto waliougua, akaandika kwamba watu wale walikataa kuuza, hawakusema mto hauna thamani. Kamati ya serikali ya vibali ilimrudishia maandishi yake kila mara, na wenzake walimtania, “Mama Sifuri, umerudi tena?”

Saratani ilipomlaza mwaka jana, Nana Takyiwaa alisafiri hadi kitandani kwake, akamwambia, “Mwanangu, bado unahesabu? Kunywa supu kwanza.” Dada akasema, “Nana, nilikuuliza vibaya.” Akajibiwa, “Basi andika tena, mimi nipo.” Dada akamsomea Araba ukurasa ule upya, neno kwa neno, Araba akiandika ili aupeleke ofisini, kisha akafariki Ijumaa tarehe 14 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Dansoman, watu wa Nsuakyir, na ninyi wafanyakazi wenzake, mlioleta barua juzi kwamba ukurasa umesahihishwa, na kwamba kibali kitajadiliwa upya tarehe 3 Septemba. Araba atakuwepo.

Pumzika, dada, Bwana akupe utulivu, kutotulia tuachie sisi.