Kiti Alichokiacha Bwana Nukta

Wapendwa katika Bwana, marehemu alituzoeza kwamba mwenye maslahi katika jambo ayataje kabla hajasema lingine. Basi nayataja: mimi ni mdogo wake wa mwisho, alinilea, na nitakayosoma yana upendeleo. Mungu anisaidie yawe ya kweli pia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba mpiga pasi na mama mfua nguo. Nyumba yetu ilinukia mkaa na sabuni. Mama alipotupatia mche wa sabuni tugawane, ugomvi haukukosekana, maana kipande cha mwenzio siku zote ni kikubwa. Marehemu, naye bado mtoto, akatoa amri: "Mmoja akate, mwingine achague." Tangu hapo aliyeshika uzi wa kukatia alikata kwa uangalifu kama anayenyoa mtoto mchanga. Aliyejua kwamba kipande kibaya kitamrudia mwenyewe hakuthubutu kudhulumu.

Alimaliza sekondari mwaka 1976. Baba akafariki mwaka huohuo, naye akashika pasi ya baba mchana na kusomea uhasibu jioni. Mashati ya walimu wake yalipita mkononi mwake. Mmoja aliwahi kumwambia, "Kijana, hesabu zako zimenyooka kuliko kola yangu." Alihitimu mwaka 1982.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika ofisi inayosimamia bei za umeme. Wenzake walimwita Bwana Nukta, kwa sababu angeweza kubishana asubuhi nzima juu ya nukta moja ya desimali. Mwaka 1995 aliwekwa kwenye kamati ya nchi mbili, yetu na ya jirani. Sisi mito ikijaa tulikuwa na umeme wa kumwaga, kiangazi tukarudi kwenye mishumaa. Wao walikuwa na mitambo ya mvuke wa ardhini, isiyojali mvua wala jua. Ilitakiwa laini ya minara ivuke mpaka, tusaidiane. Lakini minara ni ghali, na benki, kama alivyopenda kusema, haikopeshi ujirani mwema. Inakopesha bei iliyokubaliwa na wasimamizi wa pande zote mbili, watu wasioegemea popote, ili deni lilipike hata viongozi wakibadilika.

Walikwama kwenye upotevu. Umeme ukisafiri mbali hupungua, kama maji kwenye ndoo inayovuja. Nani abebe upungufu huo? Upande wa pili ulikuwa na mwanasheria mwanamke waliyemwita Bibi Ushahidi, maana hakuna neno lililompita bila kuulizwa ushahidi wake. Walivutana naye miezi na miezi, hadi siku marehemu aliposema, "Upande mmoja ugawe upotevu mafungu mawili, mwingine uchague fungu."

"Hiyo sheria umeitoa kitabu gani?" Bibi Ushahidi akauliza.

"Kwenye sabuni ya mama."

Kamati ilicheka, lakini ndivyo walivyofanya, na fundo likafunguka.

Kabla ya kikao cha mwisho, mwaka 1998, marehemu alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda jikoni, hakugusa chai.

"Mdogo wangu, nimempenda yule mwanasheria."

"Kaka, hilo nalo ni la kukonda? Si umwoe."

"Kesho nasaini bei pamoja naye. Nikinyamaza, siku benki ikijua itasema tulipangiana, na laini yote itaitwa chafu. Nikisema, natolewa kwenye kamati."

"Na yeye anajua kwamba unampenda?"

"Hajui."

"Kwa hiyo unataka kufukuzwa kwa ajili ya mtu asiye na habari?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa bosi."

Tuliomba pamoja, akaondoka.

Yaliyotokea kesho yake nilisimuliwa na aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, ambaye yuko nasi hapa leo. Kila kikao alikifungua kwa kuuliza kama kuna mjumbe mwenye maslahi ya kutangaza, na siku zote watu waliendelea kupanga karatasi zao. Siku hiyo marehemu alisimama.

"Mimi ninayo. Nampenda mjumbe wa upande wa pili aliyekaa mbele yangu. Yeye hakuwahi kujua, wala hana kosa. Naomba nitoke, na hesabu zangu zikaguliwe na wengine."

Kisha Bibi Ushahidi, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akauliza, "Ushahidi uko wapi?"

"Ni hiki kiti ninachokiacha."

Akakirudisha chini ya meza, akatoka.

Ukaguzi ulichukua karibu mwaka. Bosi wake alimwambia, "Mdomo wako umetugharimu," naye akahamishiwa dawati la malalamiko, kusikiliza watu waliobambikiwa bili. Wapo waliomcheka kwamba amekosa kiti na mke kwa mkupuo mmoja. Maana Bibi Ushahidi hakumjibu. Hakumwandikia, wala hakumpigia simu. Marehemu hakulaumu. Aliniambia tu, "Akinijibu sasa, ataharibu kila kitu. Tumwachie Mungu."

Wakaguzi hawakubadilisha hata nukta moja. Mkataba ukasainiwa, benki ikakopesha. Wiki hiyohiyo Bibi Ushahidi akapiga simu dawati la malalamiko na kusema ana lalamiko: kuna mtu alitangaza jambo mbele ya kamati, kisha hakulifuatilia. Walifunga ndoa tarehe 20 Mei 2000, akawa wifi yangu, na Mungu akawajalia mabinti wawili.

Laini iliwashwa mwaka 2003. Viongozi walikaa chini ya turubai, na marehemu na mkewe walisimama nje ya kamba pamoja na wananchi, marehemu amembeba binti yao wa kwanza mabegani. Jina lake halipo kwenye jiwe la ufunguzi. Nilipomuuliza kama inamuuma, alisema, "Taa imewaka?" Nikasema imewaka. "Basi."

Alistaafu mwaka 2017. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020, akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu. Siku moja taa za wodi zilififia, zikarudi. Muuguzi akanung'unika, "Huu umeme wa majirani huu." Marehemu akacheka mpaka mashine ikapiga kelele.

Juma la mwisho wifi hakuondoka kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Marehemu alimsihi, "Bibi Ushahidi, nenda nyumbani ukalale."

Wifi akamjibu, "Wewe uliacha kiti kwa ajili yangu. Mimi hiki sikiachi."

Alikuwa amekaa hapohapo, ameushika mkono wake, marehemu alipoitwa na Bwana mchana wa tarehe 11 Septemba 2023.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wadogo zake watatu, na ndugu na wakwe pande zote mbili za mpaka. Wamekuja leo, na tumewawekea viti mbele.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, umpe amani na mahali pa kukaa.