Kimbunga si Tufani

Treni ya Manhattan ilijaa, na Dolores alitega sikio huku macho kayaelekeza dirishani, kama mtu mwenye adabu zake.

Kijana mchoraji, Kessner, alikuwa akienda mahakamani kujibu kesi ya kunakili katuni ya wenzake. "Eti mimi mwizi!" alimlalamikia bibi wa kiti cha pili, akimfunulia katuni yake. "Shujaa wao Tufani, wangu Kimbunga. Joho lao jekundu, langu damu ya mzee!"

Bibi akavaa miwani. "Na bango hili la kinyozi nyuma yake, mbona herufi zimegeuka?"

Dolores akang'ata mdomo asicheke. Jamaa kapindua ukurasa wa watu, kafuatisha mistari yake kwenye kioo cha dirisha, kasahau kuyanyoosha maandishi!

"Mjini kwa Kimbunga ndivyo wanavyosoma," Kessner akajibu.

"Haya, mwanangu. Kamwombe hakimu naye akusomee hukumu kinyumenyume."

Treni ikasimama kituo cha mahakama. Kessner hakuinuka.