Mashine ya Nazi ya Zahor Masaa

Pale Kiponda, njia inapopinda kabla ya kushuka bandarini, palikuwa na ubao mmoja wa msaji, unene wake vidole vitatu. Ulitolewa kwenye meli iliyovunjwa, ukazikwa ncha zake mbili ukutani kwa chokaa, na tangu siku hiyo haujapata kutikisika, ingawa waliokaa juu yake wameitikisa dunia nzima kwa midomo yao. Kila baada ya sala ya alasiri, Silima muuza kahawa huteremsha dele lake pembeni, akagonganisha vikombe, na maneno yakaanza. Mwaka ule gari la moshi lilikuwa ndiyo kwanza linakwenda Bububu, na mji mzima ulishikwa na homa ya vitu vya chuma. Hapana nyumba isiyotaka kitu kinachozunguka. Na hapana mtu aliyeshikwa vibaya na homa hiyo kuliko Zahor, ambaye kijiwe kilimwita Masaa, kwa kuwa nyumbani kwake mna saa tatu za ukutani na hakuna inayokubaliana na mwenzake.

Alhamisi hiyo Zahor alikuja nyuma ya hamali aliyebeba sanduku kichwani. Kanzu yake ilikuwa imeloa jasho kama kwamba ndiye aliyebeba yeye.

— Pisheni! Pisheni! Teremsha hapo, polepole, mna meno humo!

— Meno ya nini? Umenunua mnyama?

Aliyeuliza ni Jaku Serahangi, mtu aliyefanya kazi melini miaka minne na kuisimulia kwa miaka ishirini. Alimlipa hamali, akapiga magoti kwenye vumbi, akachomoa majani makavu mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka kikatoka kitu cheusi kinachong'aa: guu la chuma lenye parafujo kubwa chini, mkono wa kuzungushia wenye kishikio cha mbao, na mbele kichwa cha mviringo chenye meno pande zote.

— Mashine ya kukunia nazi, alisema Zahor. Nimeitoa dukani Hurumzi sasa hivi. Chuma cha Ujerumani. Tazameni chapa, simba wawili!

Akazungusha mkono ule hewani. Meno yakaimba. Kijiwe kizima kikainuka.

— Lahaula! Hebu tena!

— Yakhe, inakwenda kama maji!

— Nipe na mie nizungushe kidogo, Masaa, usiwe bahili.

Ikapokezanwa mikononi kama mtoto mchanga siku ya arubaini. Zahor akawa anaifuata kwa macho, kila inapokwenda. Alikuwa na binti mmoja tu, Bahiya, na Bahiya anaolewa kesho. Karamu ni baada ya sala ya Ijumaa, wakwe ni watu wa mtaa wa Malindi wanaojua kuonja, na wali utapikwa kwa tui la nazi mia mbili zilizoletwa kutoka shamba la Tunguu. Zahor alitaka harusi hii izungumzwe. Tena alikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kijiweni: katika harusi ya shemeji yake, mkewe Bi Shariffa alikatwa kidole na mbuzi ya kukunia, akakuna hivyo hivyo amefunga kitambaa mpaka usiku, na Zahor hakukisahau kile kitambaa.

— Kiasi gani? aliuliza Silima, ambaye hakuinuka, maana mtu mwenye dele la moto hainuki ovyo.

— Rupia kumi na nane.

Silima akaziba sikio kama aliyechomwa.

— Kumi na nane! Mie mbuzi yangu nliinunua Darajani kwa pesa nane, mwaka nlooa. Mke nshamwacha, mbuzi ingalipo.

— Ndiyo shida yako, Silima, alisema Zahor. Kitu rahisi ni ghali. Mbuzi ya ubao leo imepinda, kesho ulimi umelegea, keshokutwa umemkata mtu. Hii unanunua mara moja, unamrithisha mjukuu.

— Na saa zako tatu nazo umemnunulia mjukuu?

Watu wakacheka, na Zahor akacheka nao, kwa kuwa siku ile hapana neno lingeweza kumuudhi.

Hapo Msabah akakohoa. Msabah walimwita Kadhi, si kwa elimu, bali kwa kuwa hukata kila shauri bila ya kuulizwa.

— Nisikilizeni. Kitu cha thamani kina adabu. Angalia chuma hiki kinavyong'aa: nazi yenyewe ikikiona itaona haya, itoe tui zaidi. Nazi moja ya mbuzi, tui kikombe. Nazi moja ya mashine hii, vikombe viwili na nusu.

— Umejuaje?

— Nimekata shauri.

— Hamjaona kitu nyinyi, alisema Jaku Serahangi, akavuta kikombe chake. Bandari ya Bombay niliona mashine, ng'ombe anaingia huku mzima, huku zinatoka kababu.

— Mzima? Na pembe zake?

— Pembe zinatoka vishikio vya visu. Hapana kinachopotea. Na nyingine ya kufulia, unatia kanzu chafu, inafua, inapiga pasi, inakunja, inakuwekea na udi. Nliiona kwa macho haya.

— Jaku, wallahi?

— Bila ya kuapa.

— Basi miaka kumi ijayo, alisema Msabah, naye hakutaka kuachwa nyuma, jikoni hapatakuwa na mtu. Mashine ya nazi inaipa mashine ya tui, mashine ya tui inaipa mashine ya wali. Wewe umelala kitandani, unasikia harufu tu. Unafungua kinywa, mashine ya kulisha inakuja.

— Na ya kutafuna?

— Hiyo ya matajiri.

Zahor alikuwa hajisikii mwili kwa furaha. Akasimama, akasema kwa sauti ambayo hata madirisha ya juu yalisikia:

— Nazi mia mbili! Jua halijapanda kesho, zimekwisha. Ndiyo maana juzi nlituma salamu mtaa mzima, wanawake wasije kukuna. Wazibakishe mbuzi zao kwao. Waje wamevaa, wale, wafurahi. Kwa nini watu waumie migongo kwa harusi ya mwanangu?

— Umesema neno la kiungwana! alisema Msabah.

— Mimina kahawa, Silima, kila mtu juu yangu!

Kahawa ikamiminwa. Ndipo akatokea Bi Mize njia ya msikitini, amejitanda kanga, anakwenda upesi. Huyu ndiye fundi wa mapishi. Hapana harusi Kiponda iliyopikwa bila ya yeye kuonja chumvi. Akasimama hatua chache kutoka kwenye ubao, kama inavyompasa mwanamke aliyekuta wanaume wamekaa.

— Shikamoo, Bi Mize, alisema Silima.

— Marahaba. Bwana Zahor, nimetumwa na Bi Shariffa. Nazi zimeshamwagwa uani, maji yamo motoni. Hiyo mashine iko wapi?

— Hii hapa! Itazame, Bi Mize! Zungusha!

Bi Mize hakuzungusha. Alijongea, akaishika ile parafujo, akaitazama chini na juu.

— Nzuri, alisema. Itafungwa wapi?

Zahor akapekua majani ya sanduku.

— Imeandikwa kwenye karatasi, alisema Jaku, akatoa karatasi iliyokuwa kwenye majani. Ilikuwa na picha: mwanamke wa Kizungu amesimama, mashine imebana ukingo wa meza.

Walitazama picha ile muda mrefu. Mtaani hapo hapana jiko lenye meza. Nani aliyepata kukuna nazi amesimama? Mwanamke hukaa juu ya mbuzi, sahani chini, mazungumzo juu, na kazi ikaenda.

— Kwangu mna meza ya marmar, ukumbini, alisema Zahor kwa sauti ndogo.

— Parafujo itaipasua, alisema Bi Mize.

— Mguu wa kitanda?

— Wa duara. Utateleza.

— Mlango!

— Mlango wako mnene, haubaniki.

— Ubao wa kusukumia chapati, alisema Msabah, mtu mmoja aushike...

— Atazunguka nao.

— Fundi Muhiddin atupigie meza!

— Fundi Muhiddin hukupa siku tatu kukuambia kama atakuja.

Jasho la Zahor likawa jingine sasa, la baridi. Aliwaona wakwe wa Malindi wanatia mikono kwenye sinia, wanatazamana. Aliuona uso wa Bahiya.

— Basi, Bi Mize, waambie wale wanawake waje. Niombee radhi. Waje na mbuzi zao.

— Hawapo, bwana. Bi Time ana shughuli Ng'ambo kesho. Walikuwa wanavutwa huku na huku, nusu waje kwako, nusu waende kwake. Zilipofika salamu zako kuwa huwahitaji, wamekwenda wote kwake tangu asubuhi, na mbuzi zao. Watalala huko.

Hata Jaku hakukumbuka lolote lililotokea Bombay.

Silima ndiye aliyeinamisha kichwa, akautazama ubao waliokalia. Akaupima kwa vidole vyake: kimoja, viwili, vitatu. Akavipima na kinywa cha mashine, pale penye parafujo.

— Inukeni, alisema.

— Nini?

— Inukeni nyote, nakwambieni!

Wakainuka. Silima akaitia mashine ukingoni, akakaza parafujo mpaka ikalia. Akaisukuma kwa mikono miwili. Haikutikisika. Akachukua nazi aliyokuwa nayo kwenye kikapu chake, akaipasua kwa panga lake, kipigo kimoja, akaibana nusu moja kwenye meno, akazungusha. Nazi iliyokunwa ikamwagika kwenye sinia la vikombe, nyeupe, laini kama unga, na kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi, kifuu kikabaki kitupu.

Kijiwe kikalipuka.

— Allah Allah! Umeona hiyo?

— Nlikwambieni kitu cha thamani kina adabu!

— Rupia kumi na nane? Mie ningetoa thelathini! alisema Silima mwenyewe, na jambo hilo halijapata kusikika tena Kiponda.

Zahor alikuwa anawakumbatia watu hovyo. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Zileteni nazi! Zote! Bi Mize, umeona? Tumepata pa kufunga!

— Nimeona, alisema Bi Mize. Alikuwa anatazama njia, watu wanaopita kwenda sokoni na kurudi msikitini, wanageuza shingo. Akaendelea: Bi Shariffa hatoki nje kukaa njiani, na hata ningemwambia, wewe usingemruhusu. Bibi harusi yumo ndani. Mimi nina sufuria sita motoni. Sasa, bwana, nani atakaa hapa njiani azungushe?

Swali lenyewe dogo. Zahor akamtazama Msabah. Msabah akatazama jua, akasema kumbe udhu wake umetenguka, akaondoka. Jaku Serahangi alikuwa ameshafika kwenye kona. Mgongo wake tu ulionekana. Silima akainamisha dele mpaka mwisho. Likatoa matone mawili.

— Kahawa imekwisha, alisema kwa upole, akakusanya vikombe vyake, lakini alimwachia Zahor lile panga la kupasulia.

Mahamali wakaleta magunia, wakayamwaga chini ya ubao. Nazi zikabingirika hadi katikati ya njia. Wazee wawili wa Malindi, watu wa upande wa bwana harusi, walikuwa wanapita. Wakasimama, wakasalimu, wakabaki wamesimama.

Zahor akaitikia salamu. Akakunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, akakaa kwenye ubao, akachukua nazi ya kwanza na panga, akaigeuza huku na huku. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na saba.

— Bi Mize, aliita, kabla hujenda. Nazi hupasuliwa upande gani?