Kikapu cha Halua Kilichorudi

Tangu tuondoke Dar es Salaam kwa basi, asubuhi ile ya mwaka 1956, Bwana Humoud wa Bagamoyo alikuwa akiisifu hoteli aliyolala, na bibi wa watu aliyekaa karibu naye hakuwa na pa kukimbilia. "Ghorofa mpya, bibi! Feni juu, maji ya bomba, na kimya! Hata jogoo humsikii."

"Na hicho kikapu cha halua ulichokipakata?"

"Nilimpelekea dada yangu Jokha, Kariakoo. Kakirudisha! Ati alinitandikia kitanda, akapika, nami nikaenda kulala kwa watu baki. Hataki kuniona tena."

"Hajakosea! Majirani awaambie nini, kwamba kakimbiwa na ndugu wa tumbo moja?"

"Nyumba ina watoto tele, bibi. Nilitaka usingizi tu."

"Ukaupata. Asubuhi nani alikuuliza umeamkaje?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini Bwana Humoud alilifikiria mno. "Mhudumu aliuliza nitatoka chumbani saa ngapi."

Bibi akamgeuzia mgongo. Kimya alichokisifu Bwana Humoud tukakipata basi zima, mpaka lilipokwenda kusimama Kerege, naye bado amekikumbatia kikapu.