Trizah Achola, Aliyelinda Majina ya Waliofurushwa

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Dundori na nyinyi nyote mliopanda hadi hapa Jumamosi hii ya tarehe 30 Agosti 2008, mimi ni Jerry, kaka yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu Trizah Achola.

Trizah alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 mjini Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi na ya upili papo hapo mjini, kisha akasomea kompyuta Nairobi na kuhitimu mwaka wa 1999. Februari 2000 aliajiriwa na Bwana Nitin, mwenye kampuni ndogo ya kutengeneza programu mjini Nakuru, na tarehe 8 Disemba 2001 akafunga ndoa na Hiram Nderitu, mkulima wa viazi wa hapa Dundori, wakajaliwa binti mmoja, Njoki, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2003.

Kazini alikuwa na daftari la makosa yanayoweza kumwingiza mwizi ndani ya programu, ameyapanga kwa aina, makosa ya nywila, makosa ya kuamini chochote mtu anachoandika, makosa ya kumwonyesha mtu yasiyomhusu, na aliwasumbua wenzake wayatafute siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kukabidhi.

Januari mwaka huu, watu walipofurushwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi, makanisa yaliiomba kampuni programu ya kuorodhesha waliokuwa kambini, ili jamaa waliopotezana watafutane. Tarehe 22, ikiwa tayari kufunguliwa, Trizah alibadilisha tarakimu moja tu kwenye anwani ya ukurasa, na familia nyingine ikafunguka mbele yake, majina, walikotoka, hata hema wanamolala. Bwana Nitin alimwambia, "Trizah, watu wanalia huko nje, tufungue, tutarekebisha baadaye," naye akajibu, "Boss, hiyo baadaye mtu atakuwa ameshauawa." Orodha ikazuiwa siku mbili hadi akamaliza kuirekebisha, na wiki iliyofuata kumbukumbu za mashine zilionyesha kuwa mtu asiyejulikana alijaribu kufungua kurasa za familia moja baada ya nyingine, zaidi ya mara mia mbili, asipate hata jina moja.

Lakini Mzee Kemboi wa Olenguruone, aliyekuwa akimtafuta mkewe, alingoja siku hizo mbili, na alipoliona jina lake kwenye orodha na kufika kambini Molo, mama huyo alikuwa amezikwa jana yake. Trizah alimfuata mwenyewe, akamweleza kuwa ni yeye aliyezuia orodha, mzee akasema, "Binti yangu, sijui nikuambie nini," na dada yangu alilibeba neno hilo hadi mwisho, bila kusema hata siku moja kwamba angefanya vingine.

Aprili alianza kuvimba miguu, ikagunduliwa figo zimeshindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Alhamisi tarehe 21 Agosti, saa nne asubuhi, akatuacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Hiram.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomvunia Hiram viazi alipokuwa akimuuguza hospitalini, na Bwana Nitin pamoja na wafanyakazi wenzake, waliopokezana kumletea chakula bila kukosa siku.

Njoki, ambaye ana miaka mitano, ameniomba niseme kwamba mama alikuwa akimsuka nywele bila kumuumiza, nami nimesema. Lala sasa, Trizah wetu, Mungu akupe amani.