Ukurasa wa Nyota

Ndani ya treni, bibi aliyekaa dirishani alijifanya amelala, maana mambo ya watu husikika vizuri ukifumba macho.

"Kutoa kopi kitabu kizima ni wizi, dada," muuza vitabu alikuwa akisema. Mfumaji, kopi za kitabu cha kufuma zimemjaa mapajani, akamjibu, "Haya, niuzie basi." "Hakichapishwi tena." "Sasa kaka, nimemwibia nani?" "Mwenyewe! Ungemtafuta umwombe." "Nimtafute wapi? Huenda alishatangulia mbele ya haki."

Kitabu hicho alikiandika Bibi mwenyewe, na huko mbele ya haki hakuwa na haraka nako. Ila nakala yake ya mwisho iliondoka na mtu wa "nakurudishia kesho".

"Tena katutesa huyo," mfumaji akaendelea. "Ukifuata ukurasa wa nyota, kitambaa cha meza kinajikunja kama kofia. Tumeongeza vitanzi wenyewe, tukasahihisha kwa kalamu."

"Ala! Mnaiba, kisha mnasahihisha?"

Treni ikafunga breki, nao wakainuka wakiendelea kubishana. Bibi akamshika mfumaji mkono. "Mwanangu, nitolee kopi na mimi. Hiyo hiyo yenye kalamu."