Kampuni ya Randa Haina Mdomo

Birika langu la kahawa naliweka hapa mlangoni kwa Randa seremala, na benchi wanalokalia wateja wangu kalitengeneza yeye. Basi leo karudi kutoka mahakamani, kavaa shati lake la harusi, kanuna. Mwenye jengo anataka kumtoa kwenye karakana. Kesi ilipotajwa, hakimu kamuuliza wewe nani. Naye, kwa vile mkewe alimsisitiza ajitaje kwa heshima, kajibu: mkurugenzi wa kampuni. Kaambiwa akae chini.

— Eti kampuni ni mtu mwingine, bibi. Mimi siwezi kuisemea, mpaka wakili. Nisipokuja naye Ijumaa, natoka.

— Na mwenye jengo?

— Yeye si kampuni. Kasema mpaka koo likamkauka.

Nikammiminia. Kampuni yenyewe naijua: ni Randa, na msumeno, na gundi inayonuka. Aliiandikisha ili shule zimpe kazi ya madawati, na tukampigia vigelegele. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kumsemea ng'ombe wake barazani tangu asubuhi hadi jua kuzama, na hakuna aliyemwambia ng'ombe ni mtu mwingine.

Fundi cherehani, tunayemwita Katiba maana kila jambo kwake lina kifungu, akasema hakimu hana kosa. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo Randa aipeleke kampuni ikaonekane.

— Naipelekaje?

— Ng'oa kibao hapo mlangoni. Jina si liko hapo?

Mkasi, kinyozi wetu, akaona haitoshi. Kibao kikalishwe kitini, Randa asimame nyuma yake awe mkalimani, mbona bubu wanakalimaniwa?

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Randa. Ungeifunza kusema ingali changa.

Katiba akazidi: Randa ajifukuze kazi, halafu arudi kama shahidi aliyedhulumiwa. Mkasi akasema bora aizike kabisa, tukae matanga, nani atamshitaki maiti?

— Jamani, wanangu wanakula kwa msumeno ule. Wakili niliyemfuata, ili nimlipe lazima niuuze. Nikiuuza, ataisemea kampuni gani?

Wakaanza tena, huyu kifungu, huyu matanga, mpaka nikatamani kuwamwagia mashapo ya kahawa.

Mama mmoja alikuwa kasimama muda wote, kashika kigoda kilichovunjika mguu. Mgeni, hatumjui.

— Samahani, wazee. Hiyo kampuni ikishindwa, vitu vya nani vitatupwa nje?

Katiba na Mkasi wakaninyooshea vikombe. Nikainua birika niwaongeze, likawa jepesi mkononi, tupu.

Randa akapokea kigoda, akakigeuza, akaupima mguu kwa kidole gumba.

— Nikifuate lini, fundi?

— Kabla ya Ijumaa, mama.